Sarafu za dhahabu za mwanzo za Marekani: fuata uzito, bei itajieleza

Mwaka 1820 kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitoa sarafu 263,806 za dhahabu za dola 5. Mwaka 1806 kilikuwa kimetoa 64,093 tu. Anayeanza kukusanya akizitazama takwimu hizi huona jambo liko wazi: ya 1820 ndiyo ya kawaida, ya 1806 ndiyo adimu. Akiingia sokoni anakuta kinyume chake. Ya 1806 hujitokeza mara kwa mara kwenye minada mikubwa ya Marekani, ilhali ya 1820 unaweza kuisubiri kwa muda mrefu sana kabla ya kuona moja inayofaa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sarafu za dhahabu za Marekani za miaka ya 1795 hadi 1834 hazipimwi kwa idadi iliyotengenezwa, bali kwa idadi iliyoponea tanuri. Na kilichoamua ipi iponee na ipi iyeyushwe ni uzito wa dhahabu uliowekwa ndani yake kisheria, ukilinganishwa na thamani ya dhahabu hiyo hiyo ng'ambo ya Atlantiki. Ukiushika uzito huo vizuri, sehemu kubwa ya mkanganyiko wa fani hii inafunguka: kwa nini tarehe fulani ni adimu, kwa nini sarafu zina mikwaruzo ya tupa, hata namna ya kuitambua ya bandia.

Sheria iliyozifukuza nchini

Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 iliweka sarafu tatu za dhahabu. Ya dola 10 iliitwa Eagle, ya dola 5 Half Eagle, na ya dola 2½ Quarter Eagle. Ukifungua katalogi ya mnada, hayo ndiyo majina utakayokutana nayo. Ya dola 10 ilitakiwa kuwa na greni 270, yaani gramu 17.50. Ya dola 5 gramu 8.75, na ya dola 2½ gramu 4.37. Dhahabu yake ilikuwa ya karati 22, sehemu 11 kati ya 12, na sehemu moja iliyobaki ilikuwa mchanganyiko wa fedha na shaba, fedha isizidi nusu ya mchanganyiko huo. Kwa hiyo sarafu ya dola 5 ina dhahabu safi gramu 8.02. Uchukue uzito huo kichwani, maana utarudi mara nyingi.

Sheria hiyo hiyo ilitangaza kwamba kipimo kimoja cha dhahabu ni sawa na vipimo 15 vya fedha. Wakati inaandikwa, uwiano huo haukuwa mbali na soko. Lakini mwaka 1803 Ufaransa iliweka uwiano wa 15½ kwa 1, na bei ya dhahabu ilizidi kupanda. Mfanyabiashara wa New York akafanya hesabu yake: kwa wakia 15 za fedha anapata wakia moja ya dhahabu nyumbani; akiipeleka Paris anapata wakia 15½ za fedha. Nusu wakia juu ya 15 ni faida ya zaidi ya asilimia 3 kabla ya nauli na bima. Kwa mzigo mkubwa, hiyo ni biashara nzuri isiyohitaji hata kutafuta mteja. Sarafu zikapakiwa melini kwa mapipa, zikayeyushwa Ulaya.

Uingereza iliporudi rasmi kwenye kiwango cha dhahabu mwaka 1821, kiu ya dhahabu iliongezeka zaidi. Ndiyo maana sarafu za dola 5 za baada ya 1815, zinazoonekana nyingi kwenye kumbukumbu za kiwanda, ndizo zilizopungua vibaya. Mfano mkali kuliko yote ni ya 1822. Kumbukumbu zinaonyesha sarafu 17,796 za dola 5 kwa mwaka huo. Zinazojulikana leo ni tatu. Mbili ziko kwenye hazina ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na ya tatu, iliyokuwa ya mkusanyaji D. Brent Pogue, iliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4.

Pigo la mwisho lilitoka nyumbani. Juni 1834 Bunge la Marekani lilirekebisha uwiano kwa kupunguza dhahabu: sarafu mpya ya dola 5 ikawa na greni 129, dhahabu safi ndani yake greni 116 badala ya 123.75 za zamani. Gawanya 123.75 kwa 116 utaona kwamba sarafu ya zamani ya dola 5 ghafla ilikuwa na dhahabu ya dola 5 na senti 33. Nani angeitumia dukani kwa dola 5? Zilizobaki zikarudishwa tanurini, nyingi zikatoka tena zikiwa sarafu mpya nyepesi. Ili keshia asichanganye ya zamani na mpya, mchoro mpya uliondolewa utepe wenye maneno E PLURIBUS UNUM. Hiyo hadi leo ni alama ya haraka: sarafu ya 1834 yenye utepe ni ya zamani na adimu, isiyo na utepe ni ya kawaida.

Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka iliyopigwa

Kiwanda cha Philadelphia hakikuwa kikinunua dhahabu. Wenye mali, yaani wafanyabiashara na benki, walileta sarafu za kigeni, vipande vya dhahabu na vyombo chakavu, wakasubiri warudishiwe sarafu mpya bila kutozwa gharama ya kuzipiga. Asipoleta mtu, hakuna kinachopigwa. Kwa hiyo idadi ya mwaka mmoja kuruka juu na wa pili kuanguka si fumbo. Inafuata mizigo ya dhahabu iliyoingia mlangoni. Homa ya manjano nayo ilikifunga kiwanda kwa miezi kadhaa mara kwa mara katika miaka ya 1790, wafanyakazi wakikimbia mji.

Dhahabu yenyewe ilichelewa. Sheria ilimtaka mpigaji mkuu na mpimaji wa madini kila mmoja aweke dhamana ya dola 10,000 kabla ya kugusa dhahabu au fedha, na hawakuwa nazo. Dhamana zikapunguzwa mwaka 1794, na sarafu za kwanza za dola 5, vipande 744, zikakabidhiwa tarehe 31 Julai 1795.

Mihuri ya chuma ya kupigia ilitengenezwa kwa mkono. Mchongaji Robert Scot na wasaidizi wake waliigonga sura ya Uhuru, yule mwanamke wa upande wa mbele, kwa kipandio kimoja (chuma cha kugongea chenye umbo lililochongwa tayari), kisha herufi moja moja, tarakimu moja moja, nyota moja moja. Hivyo hakuna mihuri miwili iliyofanana kabisa. Nyota moja imesogea, tarakimu imelala, herufi imegongwa mara mbili. Tofauti hizo ndizo zinazomwezesha mtaalamu kuitaja sarafu kwa muhuri wake wa mbele na wa nyuma. Namba zinazotumika sasa zinaanza na herufi BD, kutoka majina ya Harry Bass, mkusanyaji wa Dallas, na John Dannreuther, mtafiti aliyeupanga mfumo huo. Pembeni ya namba ya BD mara nyingi kuna kipimo cha uadimu: R-4 maana yake zinajulikana kati ya 76 na 200, R-5 kati ya 31 na 75, R-6 kati ya 13 na 30, R-7 kati ya 4 na 12, na R-8 ni tatu au pungufu.

Chuma cha mihuri kilikuwa ghali na kilipasuka kirahisi. Muhuri uliobaki mzima mwishoni mwa Desemba haukutupwa. Ama ulirekebishwa kwa kugongwa tarakimu mpya juu ya ile ya zamani, ama uliendelea kutumika na mwaka wake wa zamani. Sarafu zote za dola 5 za 1802 zina tarakimu 2 juu ya 1, ingawa hakuna hata moja inayojulikana ya 1801. Za 1803 zote zina 3 juu ya 2. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni adimu, tarehe imegongwa juu ya nyingine" kwa sarafu ya dola 5 ya 1802 au 1803, jua kwamba anaisifia kwa kitu ambacho zote zinacho.

Kuna pia sarafu za dola 5 zilizoandikwa 1795 zenye tai mkubwa wa ngao, yaani aliye na ngao kifuani, mchoro ambao mwaka 1795 ulikuwa bado haujaanza kutumika kwenye dhahabu. Zilipigwa miaka kadhaa baadaye kwa muhuri wa mbele uliobaki. Ndiyo maana takwimu za kiwanda, ambazo zilihesabu kilichotoka mlangoni katika mwaka husika, haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na tarehe zilizo kwenye sarafu. Nyota nazo zinasimulia: 15 kwa ajili ya majimbo 15, kisha 16 baada ya Tennessee kuingia Juni 1796, kisha kiwanda kikaona hakitaweza kuongeza nyota kila jimbo linapoingia, kikarudi kwenye 13.

Aina kumi na mbili

Wakusanyaji wachache sana hukimbiza kila mwaka, na kwa dhahabu hii ninaona ni busara. Aliyetaka dola 5 za miaka yote angekwama kwenye 1822 hata kama ana fedha za kutosha, kwa sababu hakuna anayeuza. Njia iliyozoeleka ni kukusanya kwa aina: sarafu moja kwa kila mchoro. Jumla ni 12.

Dola 10 zina mbili tu: tai mdogo aliyeshika shada, 1795 hadi 1797, na tai mkubwa wa ngao, 1797 hadi 1804. Kwa ya pili, miaka ya 1799 na 1801 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Kwa ya kwanza, hesabu majani ya tawi la mtende analokanyaga tai: kwa kawaida ni 13, lakini sehemu ndogo ya sarafu za 1795 zina majani 9, na bei yake ni nyingine kabisa.

Dola 5 zina tano. Tai mdogo, 1795 hadi 1798. Tai mkubwa wa ngao, hadi 1807. Kisha sura ya Uhuru iliyochongwa upya na John Reich ikitazama kushoto, 1807 hadi 1812. Kisha kichwa kikubwa chenye kofia, kuanzia 1813. Na mwisho kichwa hicho hicho kwenye sarafu ya kipenyo kidogo, 1829 hadi 1834. Mabadiliko ya 1829 yalitokana na pete ya chuma iliyoizunguka sarafu wakati wa kupigwa. Kabla ya hapo dhahabu ilisambaa kwa uhuru, kipenyo kikazunguka milimita 25 bila kulingana sawasawa. Baada ya hapo kila moja ikatoka na kipenyo kile kile, ukingo ukiwa umenyooka. Usishangae basi ukipima sarafu mbili za 1807 ukakuta tofauti ndogo ya kipenyo.

Dola 2½ zina tano pia, na hapa mfuko ndipo unapotoboka. Ya 1796 isiyo na nyota mbele ilitengenezwa vipande 963. Ya 1808 ni aina ya mwaka mmoja tu, vipande 2,710, na kila anayekusanya kwa aina analazimika kuitafuta hiyo hiyo, hakuna mwaka mbadala. Kati ya aina zote 12, ya 1808 ndiyo inayochelewesha watu zaidi.

Kabla ya 1807 hakuna sarafu ya dhahabu ya Marekani iliyoandikwa thamani yake. Ilitambulika kwa ukubwa na uzito. Maandishi "5 D." yalianza na mchoro wa Reich, na "2½ D." mwaka uliofuata.

Ya dola 10 ya 1804 na Sultani wa Muscat

Hili linawahusu wasomaji wa pwani yetu moja kwa moja. Mwishoni mwa 1804 utengenezaji wa dola 10 ulisimamishwa, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi zaidi kusafirishwa nje kwa wingi. Hazikuanza tena hadi 1838. Lakini mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan mjini Muscat, mtawala yule yule aliyekuwa akiimiliki Zanzibar na ambaye baadaye alihamia huko. Serikali ya Marekani ikaagiza seti za sarafu ziwe zawadi kwake na kwa Mfalme wa Siam, seti yenye kila sarafu iliyoruhusiwa kisheria.

Dola 10 iliruhusiwa bado, ila haikuwa ikitengenezwa. Kiwanda kikatazama kumbukumbu, kikaona mwaka wa mwisho ni 1804, kikatengeneza mihuri mipya mwaka 1834 yenye tarehe hiyo. Ndiyo maana kuna aina mbili za dola 10 za 1804. Ya asili ina tarakimu 4 yenye kijistari kidogo cha wima mwishoni mwa mkono wake wa kulia. Ile ya zawadi ina 4 isiyo na kijistari hicho, uso wake unang'aa kama kioo, na zinazojulikana ni chache mno, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Dola ya fedha ya 1804, ambayo ni maarufu zaidi, ilizaliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuikagua sarafu

Andaa lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, taa moja yenye balbu moja, chumba chenye giza kiasi, mizani ya kusoma hadi gramu 0.01 na kitambaa laini mezani. Shika sarafu kwa ukingo. Usiongee ukiwa umeiinamia. Tone la mate lisiloonekana leo linaacha doa kesho.

Anza na uzito. Ya dola 5 ambayo haijachakaa inapaswa kukaribia gramu 8.75, iliyotembea kiasi itasoma 8.65 au 8.70. Ikishuka chini ya 8.5 na bado sura yake ni kali, kuna jambo: imekwanguliwa ukingoni, au iliwahi kuwa pambo, au ni ya bandia. Ikizidi 8.80 pia shtuka.

Uzito peke yake hautoshi, kwa hiyo pima msongamano. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na urudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni hadi izame yote bila kugusa chini wala kuta. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Sarafu ya gramu 8.72 itasukuma takriban gramu 0.50, gawanya 8.72 kwa 0.50 upate 17.4. Dhahabu ya karati 22 yenye fedha na shaba huangukia kati ya 17.3 na 17.9, kutegemea mchanganyiko. Kinachoharibu kipimo hiki ni mambo mawili. Kwanza, mizani ya 0.01 ni butu mno kwa kazi hii: ikisoma 0.49 unapata 17.8, ikisoma 0.51 unapata 17.1. Tafuta ya 0.001. Pili, viputo vya hewa vinavyoganda kwenye meno ya ukingo huongeza ujazo na kuishusha namba; tone la sabuni ya vyombo kwenye maji huviondoa. Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), kisha gusisha kitambaa bila kusugua.

Sasa uso. Mistari mingi sambamba katikati ya sura au kwenye ukingo ni alama za tupa. Kisahani kilichozidi uzito kilikwanguliwa kwa tupa kiwandani kabla ya kupigwa, maana sheria ilikuwa kali juu ya uzito na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Kishindo cha mashine kilizifuta alama nyingi. Zilizobaki ni pale ambapo dhahabu haikujaa vizuri kwenye muhuri, yaani sehemu za juu kabisa za mchoro na ukingo. Hivyo alama ya tupa huwa na kingo laini, zilizobonyezwa. Mkwaruzo wa baadaye una kingo kali zilizoinuka, na hupita moja kwa moja kutoka uwandani, yaani sehemu tupu ya uso, hadi juu ya mchoro. Alama za tupa ni sehemu ya utengenezaji na si uharibifu, ila zikivuka shavu la Uhuru hupunguza bei kwa sababu ya macho tu, na mnunuzi ana haki ya kuomba apunguziwe.

Kuchakaa nako huchanganywa na kupigwa kwa ulegevu. Kwenye dola 5 ya tai wa ngao, tazama nywele juu ya paji la uso, mikunjo ya kofia, kisha manyoya ya kifua na ncha za mabawa. Sehemu ikiwa bapa lakini mng'ao wake ni ule ule wa uwanda, ilipigwa kilegevu. Ikiwa bapa na rangi yake imefifia tofauti na jirani yake, imechakaa. Zungusha sarafu polepole chini ya taa: mng'ao wa asili huzunguka pamoja na mkono wako kama utepe wa mwanga. Iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja bila kuzunguka, na kwenye lenzi utaona nywele nyembamba za mikwaruzo zinazoelekea upande mmoja.

Rangi ya dhahabu hii ikiwa haijaguswa ni ya manjano yenye kijani au chungwa kidogo, nyeusi zaidi kuzunguka herufi na nyota ambako kidole hakikufika. Ya manjano mbichi iliyosawazika kote, hata kwenye mashimo ya herufi, imechovywa kwenye dawa. Madoa mekundu ya shaba ni ya kawaida, yanatokana na aloi isiyochanganyika sawasawa, na kuyaondoa huacha baka jeupe baya zaidi ya doa lenyewe.

Tumia dakika nyingi kwenye ukingo. Katika karne ya 19 sarafu hizi zilivaliwa shingoni na kwenye minyororo ya saa. Fundi akiondoa kikuku cha kuning'inizia, huacha mabaki ya lehemu, au hukwangua meno ya ukingo mahali hapo na kuyachonga upya. Tazama hasa saa 12, juu ya kichwa. Tundu lililozibwa hujulikana kwa uwanda wenye mawimbi na nyota au herufi iliyo na umbo lisilolingana na wenzake. Linganisha nyota ile na iliyo pembeni yake. Zote ziligongwa kwa kipandio kimoja, kwa hiyo zinapaswa kufanana.

Bandia zinazopigwa kwa mihuri ya kughushi hutokana na sarafu halisi moja, na huirithi mikwaruzo yake. Ukiona shimo lile lile, mahali pale pale, kwenye sarafu mbili tofauti zinazouzwa, usinunue hata moja. Chembechembe kwenye uwanda na herufi zenye mabega ya mviringo ni dalili za kusubu.

Gredi na kasha

Gredi hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70. Kampuni mbili zinazoaminika zaidi kwa sarafu hizi ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987. Huifunga sarafu kwenye kasha la plastiki lenye namba. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ushauri wetu ni mmoja: usinunue sarafu ya kipindi hiki iliyo nje ya makasha hayo. Hata hivyo kasha nalo hughushiwa. Ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni, fungua picha ya sarafu yenyewe kama ipo, na linganisha alama tatu au nne ndogo, si gredi pekee.

Kasha lenye neno Details maana yake sarafu ni halisi lakini ina tatizo: imesafishwa, imekwanguliwa, ilivaliwa. Bei yake huwa chini sana ya nzima yenye gredi hiyo, na hilo si baya kama unataka kumiliki aina fulani bila kuweka rehani nyumba. Ila iliyosafishwa kidogo miaka mingi iliyopita na rangi yake ikarudi ni afadhali mara kumi kuliko iliyochongwa upya uwanda wake. Usiziweke kapu moja kwa sababu zote zimeandikwa Details.

Gredi pia zimelegea kwa muda. Sarafu nyingi zilizopewa AU-50 zamani ziko sasa kwenye makasha ya AU-55 au 58. (AU ni iliyochakaa kidogo sana, MS ni isiyochakaa kabisa, na EF iko chini ya AU.) Na kwa dhahabu hii, AU-58 yenye rangi yake ya asili mara nyingi inapendeza kuliko MS-61 iliyochubuliwa na kuchovywa. Nunua sarafu, kasha lifuate nyuma.

Kununua na kutunza

Aina ya kuanzia ni dola 5 ya tai wa ngao au ile ya Reich: 1806, 1807, 1810, 1811 au 1812, katika gredi ya EF hadi AU. Ndizo zilizoponea kwa wingi wa kutosha kukupa nafasi ya kuchagua, na kukataa. Kwa 1806 tazama tarakimu 6. Yenye kichwa cha mviringo, na nyota zimegawanyika 7 kushoto na 6 kulia, ndiyo ya kawaida. Yenye kichwa kilichochongoka ni haba zaidi.

Kwenye mnada, bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa, siyo utakayolipa. Ada ya mnunuzi kwa kawaida ni asilimia 20 au zaidi. Nyundo ikigonga dola 8,000, hundi yako ni 9,600 kabla ya usafirishaji na bima. Panga kikomo chako kwa namba ya pili. Linganisha na mauzo ya miaka mitatu ya karibuni ya gredi na namba ile ile ya BD, ukiangalia picha za kila moja, kwa kuwa sarafu mbili za AU-55 zinaweza kutofautiana bei kwa theluthi kwa ajili ya rangi peke yake.

Usisafishe. Kwa mabaki ya mafuta au plastiki kwenye sarafu isiyo na kasha, asetoni safi kwenye chombo cha glasi kwa dakika chache inatosha, bila kusugua, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Usitumie mifuko laini ya plastiki yenye PVC. Hutoa ute wa kijani unaokamata shaba iliyo ndani ya aloi. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat aweke pakiti za silika kwenye sefu na azibadilishe zikishiba unyevu, kwa sababu kasha halizuii hewa kabisa.

Andika karatasi ya kila sarafu: mwaka, namba ya BD, namba ya kasha, uzito kama uliupima, ulinunua wapi na kwa kiasi gani, na picha za pande zote mbili. Iache mahali ambapo watu wa nyumbani wataiona, pamoja na maandishi kwamba isipelekwe kwa sonara. Sonara ataipima, atasoma gramu 8.7 za karati 22, na atalipa hizo tu.